Jirani Mwongo Anahitaji Muda: kwa Wanaoanza Kuandika Muvi za Mtu Aliyejifungia

Wadogo zangu wa skripti na wa uhariri, nawapenda, na kwa sababu nawapenda leo nitasema kwa sauti ya juu kidogo.

Kila ninapoletewa rundo la skripti za wanaoanza, humo ndani namkuta mwanamke yuleyule. Anaishi Mikocheni au Masaki, hatoki nje, anakunywa mvinyo, anameza vidonge, na usiku anachungulia dirishani. Anamwona jirani akiua. Anapiga simu, polisi wanafika kabla hajakata, hawamwamini. Kurasa kumi za mwisho jirani anasimama katikati ya sebule na kueleza alivyofanya, kwa nini alifanya na nani alimsaidia. Kisha wanapigana. Majina yanabadilika, mara Mama Shamsa, mara Dokta Neema, lakini mtu ni mmoja.

Najua mmemtoa wapi. Mmemtoa kwenye The Woman in the Window, ile iliyoingia Netflix tarehe 14 Mei 2021. Amy Adams ni Anna Fox, mwanasaikolojia wa watoto anayeishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa Manhattan, New York, na anayeshikwa na hofu kali akikanyaga tu nje ya mlango. Ng'ambo ya barabara wanahamia akina Russell, baba, mama na kijana wao. Niliingoja muvi ile kwa hamu. Mwongozaji ni Joe Wright, ambaye Gary Oldman alipata Oscar mikononi mwake kwa kucheza Churchill. Skripti ni ya Tracy Letts, mwandishi wa tamthilia aliyepewa tuzo ya Pulitzer mwaka 2008, naye aliitoa kwenye riwaya ya A. J. Finn iliyouzika sana mwaka 2018. Kamera ni ya Bruno Delbonnel. Julianne Moore yumo, Jennifer Jason Leigh yumo, Anthony Mackie yumo. Ukipewa timu hiyo ukashindwa, kosa si la bajeti wala la waigizaji. Ni la hadithi jinsi ilivyopangwa, na mpangilio huohuo ndio mnaouhamishia Dar bila kuukagua. Nitataja mwisho wake humu, kwa hiyo ambaye hajaitazama aamue.

1. Mpe sababu ya kukaa ndani, na sababu hiyo ifanye kazi.

Anna ana sababu. Alikuwa akiendesha gari, likapata ajali kwenye theluji, mume na binti yake wakafa. Muvi nzima tunamsikia akiongea nao kwa simu, tunadhani wametengana tu. Hilo ni wazo zuri, na nitawatetea waandishi wake popote. Tatizo letu ni kwamba kwenye skripti zenu sababu ni mstari mmoja: "Amekuwa na huzuni tangu zamani." Huzuni haimfungii mtu wa Dar ndani. Hapa usipoonekana siku mbili, mtu anagonga. Mama lishe atauliza mbona hujaja, mlinzi atauliza, shangazi atapanda daladala kutoka Mbagala kuja kukuona kwa macho yake. Nani anamletea gesi? Nani anabeba takataka zake gari likipita? Zile tarakimu 20 za umeme wa LUKU anaziingiza nani, na kwa hela ya nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo wahusika wenu wadogo, na mmoja wao ndiye anayeweza kumdanganya.

Mnatafuta sababu Manhattan, wakati sababu kubwa kuliko zote mmekulia nayo. Mjane wa Kiislamu akiwa kwenye eda anakaa nyumbani kwake miezi 4 na siku 10. Hajipambi, hajifukizi udi, hatoki bila haja ya msingi. Hakuna jirani atakayeshangaa, hakuna polisi atakayeuliza kwa nini hukutoka ukaangalie. Wageni wanaingia na kutoka, kila mmoja na sahani yake na maneno yake ya pole, na mwongo anaweza kupita humohumo akiwa na sahani kama wenzake. Akisema kitu cha ajabu, watu watasema ni majonzi. Halafu eda inaisha na bado hatoki. Hapo ndipo muvi inapoanza kutisha, na hamjatumia hata kidonge kimoja.

Tazameni pia Rear Window ya mwongozaji Hitchcock, ya mwaka 1954, ambayo wenyewe wa The Woman in the Window wanaionyesha kipande chake humo ndani. Mwanzoni kamera inapita tu chumbani: mguu uliofungwa plasta, kamera iliyovunjika, picha ya ajali ya gari la mashindano, gurudumu likiruka kuelekea kwa mpiga picha. Hakuna aliyefungua mdomo, nasi tumeshajua huyu ni nani, amepatwa na nini, na kwa nini hawezi kutoka kwenye kiti. Mwandishi anayeanza angetumia kurasa nne za simu na mama yake.

2. Dirisha la Dar si dirisha la Manhattan.

Hili linanichosha kuliko yote. Mnaandika "anamwona jirani sebuleni" na hamjawahi kusimama dirishani kwenu mkaangalia kinachoonekana. Kuna nondo. Kuna wavu wa mbu. Kuna pazia. Kuna ukuta wa futi saba wenye chupa zilizovunjwa juu yake, na nyuma ya ukuta kuna mwembe. Mchana chumba kina giza kuliko nje, kwa hiyo aliye ndani ya wavu anaona nje na wa nje hamwoni. Usiku mambo yanageuka: akiwasha taa anaonekana yeye, naye nje haoni kitu. Basi umeme ukikatika upande wake tu, au ukikatika kwa jirani tu, mmepata sini nzima bure. Hakuna hata skripti moja mliyoniletea iliyotumia jambo hilo, na kila mmoja wenu anakaa gizani mara kwa mara.

Na kwetu jirani husikika kabla hajaonekana. Muuza kahawa akigonga vikombe vyake, adhana inayomgawia siku yake mtu asiyetoka, bodaboda iliyozimwa nje ya geti la pili saa nane usiku wakati jirani alisema amesafiri, ndoo inayoburutwa uani, mvua ya masika juu ya bati inayofunika sauti zote palepale anapohitaji kusikia. Rear Window karibu haina muziki wa nje ya hadithi, ule ambao wahusika hawausikii, baada ya mwanzo wake: kinachosikika ni redio za majirani, piano ya mtu wa ghorofa nyingine, watoto, magari. Kama mnapiga hapa mjini, mjipange na kunguru. Hawasubiri mwongozaji aseme "action", na sauti ya sini ya mchana wataiharibu. Rekodini dakika kadhaa za chumba kitupu kila lokesheni, ili mhariri apate sauti safi ya kuzibia.

3. Jirani mwongo apendwe kwanza.

Sini bora kuliko zote kwenye The Woman in the Window ni ile ya Julianne Moore anapoingia nyumbani kwa Anna. Wanakunywa, wanacheka, wanatupiana maneno, na kwa mara ya kwanza nyumba ile kubwa inapata joto. Anna anamchukulia kuwa ndiye Jane Russell, mke wa ng'ambo, na mgeni hakatai. Baadaye Anna anaona kupitia dirisha mwanamke yule akichomwa kisu, na polisi wanapomletea Jane Russell, ni mwanamke mwingine kabisa, Jennifer Jason Leigh. Hiyo ni nguzo imara. Mwanamke uliyecheka naye usiku kucha, dunia nzima inakwambia hakuwepo.

Kisha muvi inaitupa nguzo hiyo. Leigh hapewi kitu cha kufanya. Oldman, ambaye humu ni baba Russell, anapiga kelele tangu anapoingia, kwa hiyo tunajua si yeye, maana muuaji hajitangazi hivyo. Mpangaji wa Anna wa chini anatiliwa shaka kwa zamu, kama vile kuna ratiba. Na kijana Ethan, ambaye ndiye muuaji, anapewa dakika chache za upole mwanzoni, halafu anaachwa pembeni. Mwongo wa kweli hatukuishi naye vya kutosha ili uongo wake utuume.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujaandika uongo, andika msaada. Jirani wako alete dawa usiku wa manane. Akumbuke jina la marehemu. Akamnunulie LUKU kwa hela yake mwenyewe, kisha akatae kurudishiwa. Mtazamaji amshukuru.

4. Mtazamaji akisema "sijaelewa", hajaomba hotuba.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili liligharimu muvi niliyoipenda.

Tulikuwa na hadithi ya mjane, Magomeni, kwenye nyumba yenye uani unaopakana na uani wa jirani kwa ukuta wa matofali ya matundu. Ukuta ule ulikuwa zawadi: macho yanapita, mwili haupiti. Jirani mpya, mwanamke mchangamfu, anazoea kuja pale ukutani jioni. Anajitambulisha kuwa mke wa mpangaji. Siku moja anakata doti ya kanga pale pale, nyekundu yenye pindo jeusi, kipande kimoja anampenyezea mjane kwenye tundu, kama mkono wa pole. Kipande cha pili anajifunga yeye. Wanawake wawili, doti moja, ukuta katikati. Sini ile waigizaji waliicheza mpaka msaidizi wa taa alifuta macho.

Siku chache baadaye mwanamke haonekani. Mume anasema yule wa ukutani alikuwa mdogo wake tu na amerudi Tanga, na mke wake ndiye huyu hapa, na anamtoa mwanamke mwingine. Kila mtu anamwamini. Mjane anaanza kuamini kwamba majonzi yamemvuruga. Asubuhi inayofuata, kupitia tundu lilelile, anaona kwenye kamba ya nguo ya jirani tambara la deki linadondosha maji. Ni kile kipande cha pili. Mtu aliyesafiri kwenda kwao hawezi kuacha kanga mpya ikawa tambara kabla hata wiki haijaisha.

Hadithi yote ilikuwa kwenye tambara lile. Na kwenye muvi tuliyoonyesha watu wa majaribio, walioalikwa kuitazama kabla haijatoka, tambara lilikaa chini ya sekunde mbili, kwenye shoti pana, kati ya mashuka na suruali. Tulikuwa tumelipenda wazo kiasi kwamba tuliona aibu kulionyesha sana, tukiogopa watu watasema tunawalisha. Basi taa zikawashwa sebuleni kwa prodyuza, watu wakasema kwa heshima kabisa: nzuri, lakini hatujaelewa amejuaje.

Tukakaa kikao. Hakuna aliyesema turudi kwenye kamba ya nguo. Kila mtu alisema tuweke maelezo. Tukampigia mwigizaji, tukaazima meza na bendera, tukapiga sini ya afande akimweleza mjane kila kitu: mwanamke wa kwanza alikuwa nani, wa pili nani, mume alikuwa anataka nini, na kanga ilimaanisha nini. Dakika nne. Mimi, mhariri, ndiye niliyeishona. Niliishona vizuri, na ndipo muvi ilipofia.

Siku ya uzinduzi nilisimama nyuma ya ukumbi. Kwenye sini ya kanga ukutani watu walikuwa kimya. Afande alipoanza kuongea, mwanga wa simu ukaanza kuonekana, mmoja, mwingine, kisha safu nzima. Watu walitoka kununua soda wakati tunawaambia nani muuaji. Mlangoni mama mmoja mtu mzima akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, ile kanga kwenye kamba, mbona hamkuionyesha vizuri? Mimi niliiona, nikadhani nimekosea."

Niliporudi kwenye kompyuta nikafungua klipu za siku ile. Mpiga picha alikuwa ameichukua. Kloz-apu, yaani shoti ya karibu kabisa, ya tambara, imetulia, tone la maji linateremka kwenye pindo jeusi, na nyuma yake, nje ya fokasi, tundu la ukuta lenye jicho. Ilikuwa kwenye folda tangu siku ya kwanza. Sekunde sita za ile shoti zingetosha, na afande angebaki nyumbani kwake.

Sasa mtaelewa kwa nini The Woman in the Window iliniuma. Nao walionyesha watazamaji wa majaribio, nao waliambiwa kwamba hadithi inachanganya. Ilikuwa itoke Oktoba 2019. Ikasogezwa mpaka Mei 2020, sehemu zikapigwa upya, akaletwa Tony Gilroy kuongeza maandishi, kisha korona ikafunga majumba ya sinema na mwishowe ikauzwa Netflix. Iliyotufikia ina mwisho ambao kijana anamweleza Anna yote: aliyekufa, yule wa Julianne Moore, ni Katie, mama yake mzazi, na yeye ndiye aliyemuua, tena si huyo peke yake. Anaongea kama wale watafsiri wa kwenye vibanda umiza, kumbi ndogo za video za mtaani, wanaomweleza mtazamaji kile ambacho picha ingemwonyesha. Kisha mvua, paa, mapigano, kijana anatumbukia kupitia kioo cha paa.

Linalosikitisha ni kwamba nao kloz-apu yao walikuwa nayo. Anna alimpiga picha paka wake, na kwenye glasi ya mvinyo ndani ya picha ile kuna sura ya Katie imeakisiwa. Mwanamke aliyeambiwa hayupo, yumo kwenye glasi. Hiyo ndiyo kanga yao! Walitakiwa wajenge nusu ya muvi juu yake. Ikaja kwa kuchelewa, ikapita, maneno yakachukua nafasi.

Hitchcock alifanyaje? Kwenye Rear Window, Lisa, mpenzi wa Jeff, yule mpiga picha mwenye plasta, ameingia nyumbani kwa jirani, amekamatwa, polisi wamefika. Anageuza mkono wake nyuma ya mgongo na kuonyesha kwa kidole pete ya ndoa ya mke aliyepotea, ameivaa. Sisi tunaiona kupitia lenzi ya Jeff. Jirani naye anaona kidole, anafuata kinakoelekea, anainua macho na kutuangalia sisi. Hakuna neno. Ushahidi umepatikana, na sekunde hiyohiyo aliyejificha amegunduliwa. Rudieni kipande hicho mpaka muweze kukihesabu shoti kwa shoti, kisha mje tuongee.

5. Pombe na vidonge si njia ya mkato.

Anna anachanganya dawa na mvinyo ili tusimwamini. Huko ilishachoka, huku imechoka zaidi. Na tafadhali, mgonjwa wa hofu si "kichaa wa mtaani" wa kuchekesha watu. Nendeni mkaongee na wauguzi wa magonjwa ya akili pale Muhimbili kabla ya kuandika, muwasikilize wanavyoeleza siku ya kawaida ya mgonjwa anayepata nafuu. Mtazamaji wenu ana dada nyumbani mwenye hali hiyo.

6. Polisi hawafiki dakika tano.

Kwanza mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kituo. Kila hatua ni mtu anayeweza kuwa rafiki wa jirani mwongo. Mjumbe aliyemwandikia mpangaji mpya barua ya utambulisho hatapenda kusikia kwamba aliandika barua ya muuaji. Dalali aliyepokea kodi ya mwaka mzima hatapenda pia. Msiharakishe kuwavuka watu hawa, wana hofu zao na wana sababu za kunyamaza.

7. Haya madogo, someni haraka.

Machweo ya Dar ni mafupi, kwa hiyo sini ya jioni ipangwe siku mbili. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe kabla hujalipa lokesheni. Mhusika asiyetoka nje abadilishe nguo kwa mpangilio unaoeleweka, la sivyo kontinyuti, ule mfuatano wa nguo na vitu kutoka shoti hadi shoti, itakuaibisha. Chora ramani ya nyumba zote mbili, ibandike juu ya meza, na shoti isiyokubaliana na ramani itoke. Washukiwa watatu wanatosha. Chumba anacholala mhusika wako ukione wewe mwenyewe kabla ya mpiga picha.

8. Namna ya kuwauliza watu wa majaribio.

Usiwaulize kama wameipenda. Watakuambia wameipenda, wamekula pilau lako. Wala usiwaulize kama wameelewa. Sitisha muvi katikati, washa taa, mpe kila mtu karatasi, waandike: nani unamwamini sasa hivi, na uliona nini kilichokufanya umwamini? Kama wote wameandika jina moja bila kutaja kitu walichokiona, tatizo lako liko nyuma ya hapo, wala si mwishoni. Kama mmoja ameandika "kanga", mkalishe, mpe chai, muulize ameiona dakika ya ngapi. Kisha fungua folda ya klipu ambazo hukuzitumia, kabla hujampigia simu mwigizaji yeyote.

Skripti zenu nimezirudisha na alama za wino pembeni. Aliyeandika ile ya Tabata, ya kaka asiyetoka na dada mpangaji anayemfulia, ukurasa wa 31 uache kama ulivyo. Kurasa zilizobaki zirudie, na uniletee ramani.